Mafunzo kwa Vitendo Katika Kituo cha Tiba ya Uraibu, Mbali na Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa unasihi, ustawi wa jamii na uuguzi waliopangiwa mafunzo kwa vitendo katika vituo vya tiba ya uraibu vilivyo mbali na kwao. Nimechagua tano, na nimebadili yale ambayo yangeweza kumtambulisha mwandishi au mgonjwa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo lililomo ndani yake limejificha pia katika nyingine nne, hata pale waandishi wake hawakulitaja.

Mgonjwa ameniomba siri

*Shikamoo Mama Mshauri. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya unasihi, na nimepangiwa kituo ambacho wagonjwa hulala humohumo kwa miezi kadhaa. Kutoka kwetu ni mwendo wa siku nzima kwa basi, na huku sina ndugu wala rafiki. Wafanyakazi wakimaliza zamu kila mmoja hurudi kwake, nami hubaki katika chumba nilichopewa ndani ya uzio wa kituo. Kuna mgonjwa mmoja, mtu mzima wa rika la baba yangu mdogo, ambaye amenipokea vizuri tangu siku ya kwanza. Jioni, kikundi kikiisha, tunakaa barazani tunazungumza. Yeye naye yuko mbali na kwao, kwa hiyo tunaelewana, na nimemsimulia mengi yanayonihusu, hata nilivyokuwa nikilia juma la kwanza. Juzi ameniomba nimpigie rafiki yake wa zamani kwa simu yangu, nimweleze tu kwamba yu mzima, na akanisihi nisimwambie mtu, maana wagonjwa wa majuma ya mwanzo hawaruhusiwi kuwasiliana na watu wa nje bila idhini. Sikupiga, lakini pia sikukataa. Nikimwambia msimamizi naona nitakuwa nimevunja siri ya mgonjwa na kumsaliti mtu pekee aliyenijali huku. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie msimamizi wako, na umwambie leo, kabla ya kikundi cha jioni. Lakini kabla ya kwenda kwa msimamizi, pitia kwa mgonjwa mwenyewe, umweleze kwamba unakwenda. Mtu aliyezoea kusemwa nyuma ya mgongo wake anastahili kuambiwa mbele ya uso. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Lile ombi lako la juzi sikulikataa palepale, nikakuacha ukingoja. Siwezi kupiga ile simu, na siwezi kulificha ombi lenyewe, kwa sababu mimi hapa ni mwanafunzi na kila linalohusu tiba yako nalijadili na msimamizi. Ningependa tumwombe pamoja njia ya kumpasha habari rafiki yako." Kisha nyamaza, umwache aseme atakalo. Huenda akakasirika, huenda akacheka na kusema alikuwa akikutania tu. Yote mawili ni ya kawaida, na hakuna hata moja linalokulazimu kubadili kauli.

Kuhusu siri, naona umeichukua kama ahadi ya watu wawili, na sivyo ilivyo katika kituo cha tiba. Anayoyasema mgonjwa hulindwa na timu nzima inayomtibu: msimamizi wako, mnasihi wake, muuguzi wa zamu na daktari. Hulindwa yasiwafikie wazazi wako, wanafunzi wenzako, jirani wa kituo, wala simu yako yenye picha na maneno ya kuwatumia marafiki. Mwanafunzi hana faragha yake binafsi na mgonjwa ambayo msimamizi haruhusiwi kuiingia, kwa sababu huyo msimamizi ndiye anayebeba dhamana ya kazi yako. Jambo hili hupaswa kuelezwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mnapokaa kuzungumza. Kama hukumwambia siku ile, mwambie sasa, na wengine wote utakaokutana nao uwaambie mwanzoni, kwa lugha nyepesi, pamoja na mambo machache ambayo hayawezi kubaki hata ndani ya timu, kama vile hatari ya kujiua, au mtoto anayedhuriwa.

Utauliza, simu moja ya kumjulia mtu hali ina ubaya gani? Pengine haina. Rafiki huyo anaweza kuwa mtu mwema aliyekosa usingizi kwa wasiwasi. Anaweza pia kuwa ndiye waliyekuwa wakitumia pamoja, au ndiye aliyekuwa akimletea. Ubongo wa mtu mwenye uraibu umejifunza kuifunga hamu ya dawa na watu, mahali, sauti na saa fulani za siku, na fundo hilo halilegei kwa sababu mtu amekaa kituoni majuma mawili. Sauti moja tu simuni inaweza kuiamsha hamu iliyokuwa imetulia, na mgonjwa mwenyewe asijue imetoka wapi. Wewe huna njia ya kujua rafiki huyu ni wa aina ipi, na ndiyo sababu uamuzi huu haukupaswa kuwa wako peke yako.

Nakuomba pia usiondoke hapa ukiamini kwamba mzee huyo alikuwa akikutega tangu siku ya kwanza. Nimewaona wanafunzi wengi wakifanya hivyo: jana mgonjwa alikuwa ndugu, leo ni tapeli. Ukweli kwa kawaida uko mbali na pande zote mbili. Mtu aliyeishi miaka mingi akihangaikia dozi ya leo hujifunza kuomba kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa ukifungwa usoni mwake kila mara. Inawezekana anakupenda kwa dhati kama mtoto wake, na papo hapo akawa amekuona kuwa ndiye mlango wa nyuma wa kituo kile. Sehemu ya tiba yake ni kujifunza kuomba waziwazi, akubaliwe au akataliwe, na abaki mzima vyovyote itakavyokuwa.

Sasa nirudi kwenye maneno yako yaliyonifanya niweke kalamu chini: "mtu pekee aliyenijali huku." Wewe ulipelekwa kumhudumia, na imefika mahali yeye ndiye anayekuhudumia. Haikutokea kwa sababu wewe ni dhaifu. Imetokea kwa sababu uko ugenini, jioni ni ndefu, wenzako wamerudi kwao, na aliyekuwepo barazani alikuwa yeye. Upweke wa mwanafunzi aliye mbali na nyumbani ni jambo ambalo vyuo vingi hulichukulia kama taabu ndogo ya safari, ilhali katika tiba ya uraibu ni hatari ya kikazi kama ilivyo sindano iliyoachwa wazi kwa muuguzi. Mwenye kiu ya kujaliwa huanza kuandika taarifa za mgonjwa wake kwa mkono mwepesi. Humwonea haya kumuuliza maswali magumu kwenye kikundi. Huumia mgonjwa akiwa na siku ya kununa, na bila kujua hutamani asipone haraka akaondoka. Wagonjwa wengine nao wanaona. Katika nyumba ambayo watu wanakula, wanalala na kuamka pamoja, hakuna asiyejua nani anakaa barazani na nani, na kwa muda gani.

Kwa hiyo kiu hiyo itafutie maji mahali pengine, na usingoje mpaka ikuzidie. Panga saa moja maalumu ya kuzungumza na nyumbani, isiwe unapiga unapozidiwa tu, kwa sababu simu za namna hiyo huwatia wazazi hofu na wewe zikakuacha na uchungu zaidi. Waweza kuwaeleza unavyojisikia, kwamba leo kazi ilikuwa nzito au kwamba umelia, bila kuwataja wagonjwa wala kusimulia visa vyao. Siku ya mapumziko toka nje ya uzio, hata kama ni kutembea tu barabarani na kurudi. Uliza chuoni kama kuna mwenzako aliyepangiwa kituo kingine, mkapeana zamu ya kupigiana. Mazungumzo ya barazani hayana lazima ya kufa, ila yawe ya watu wengi, yawe na mwisho unaojulikana, na yakifika kwenye habari zako, yageuze.

Na ile saa ya usimamizi ya kila juma, idai. Vyuo vingi huiweka katika mkataba wa mafunzo, lakini kituo chenye kazi nyingi huiacha ipite, na mwanafunzi huona haya kukumbusha. Ukipewa, usipeleke visa vilivyokwenda vizuri tu. Lile unalotamani kulipita kimya ndilo la kuanza nalo. Usipopewa, omba kwa maandishi kwa adabu, na nakala mpelekee mratibu wa chuo.

Kuhusu mzee wako, siwezi kukuahidi kitakachoamuliwa, kwa sababu kila kituo kina taratibu zake. Ninachojua ni kwamba ombi lililosemwa mapema, kabla ya simu kupigwa, kwa kawaida huishia kwenye mazungumzo, na mara nyingi rafiki hupashwa habari mbele ya mnasihi. Ombi linalogunduliwa baada ya kutekelezwa kwa siri huwaletea matatizo watu wawili.

Sijawahi kumwona mtu mwenye arosto

*Mama, mimi ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Mwezi ujao nakwenda katika kituo chenye wodi ya kuondoa sumu mwilini, mkoa ambao sijawahi kufika. Wenzangu waliotangulia wananitisha kwa hadithi za watu wanaopiga kelele usiku kucha. Nijiandae vipi?*

Wenzako wamekuhadithia kelele. Mimi nitakueleza saa, kwa kuwa katika wodi hiyo hatari ya kweli huja kwa saa zake, na mara nyingine huja kimya.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, kwa heroini huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, na kwa kawaida huchukua siku 4 hadi 10. Utamwona mtu akipiga miayo mfululizo, macho na pua vikimtiririka, vinyweleo vimemsimama, mboni zimetanuka, tumbo linamsokota, anatapika na kuhara, hatulii kitandani wala kitini. Ni mateso ya kweli na asikudanganye mtu kwamba ni maigizo. Hata hivyo, kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, arosto hiyo yenyewe ni nadra kuua. Kinachoweza kumuua ni kupungukiwa maji kwa kutapika na kuhara, na hilo huzuilika kwa mtu aliye karibu na anayeangalia.

Pombe ni habari nyingine, ingawa watu huiogopa kidogo kwa sababu ni halali. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikatiza ghafla huanza kutetemeka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege, likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, joto la mwili hupanda, na hali hiyo isipotibiwa huua. Waliotumia kwa muda mrefu vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, vya jamii ya diazepamu, nao hawakatizwi ghafla kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana kwenye mapokezi swali la "mara ya mwisho umekunywa lini, saa ngapi" lina uzito kuliko "umekunywa kwa miaka mingapi." Aliyepokelewa mchana akiwa mchangamfu na mwenye vichekesho anaweza kupata degedege usiku huohuo. Utaona pia madaktari wakiwapa wagonjwa wa pombe vitamini B1 mapema, hata kabla ya kuwatundikia maji ya sukari, kwa kuwa upungufu wa vitamini hiyo unaweza kuharibu ubongo usirudi tena kuwa mzima.

Kazi yako wewe, ambaye si muuguzi, ni kuona, kutazama saa, kuita na kuandika. Dawa hugusi, hata ukiombwa na mfanyakazi aliyezidiwa na kazi. Unapoandika, andika ulichokiona wala si ulichokihukumu. "Mgonjwa msumbufu" haimsaidii daktari. Mpe sentensi kama hii: "Saa 3 usiku, mikono inatetemeka akiinyoosha, jasho kwenye paji la uso, ameuliza mara mbili yuko wapi." Kutokana na maneno hayo daktari anaweza kuchukua hatua.

Siku ya kwanza, kabla hujaonyeshwa hata chumba chako, uliza naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni (heroini na dawa za jamii yake), inawekwa wapi na nani ameruhusiwa kuitoa. Mtu aliyezidisha afyuni hazinduki akiitwa wala akitikiswa, mboni zake huwa ndogo kama kichwa cha pini, pumzi huwa za shida na chache, midomo hubadilika rangi. Naloksoni humrudishia pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, na dawa iliyomzidi inaweza kudumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo aliyezinduka haachwi peke yake, hata akisema yuko salama na akataka kwenda zake.

Kelele za usiku utazizoea. Jitahidi zaidi usiuzoee ukimya.

Kituo hakitaki methadoni

*Chuoni tumefundishwa kwamba methadoni na buprenofini, dawa anazopewa mwenye uraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe, ni tiba. Kituoni nilipo, ambako ni mbali sana na chuo na hakuna mwalimu anayenitembelea, mkuu wa kituo anasema hiyo ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine, na wagonjwa wanaoziulizia huambiwa hawako tayari kuacha. Mimi ni mwanafunzi tu. Ninyamaze?*

Chuo chako kimekufundisha sawasawa. Tiba ya methadoni kwa uraibu wa heroini ilianzishwa New York na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, waliochapisha matokeo yao ya kwanza mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Methadoni hukaa mwilini kwa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja kwa siku inayopimwa vizuri humwondolea mtu arosto na kupunguza hamu bila kumpandisha na kumshusha kama ifanyavyo heroini kila baada ya saa chache. Anayeinywa hapo kliniki anaweza kwenda kazini, kulea watoto na kulala usiku. Aliye katika tiba hiyo hupungukiwa na hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi, na kwa kuwa hajidungi, au hujidunga kwa nadra, hupungukiwa pia na hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mwenye kisukari hatumwambii kwamba anategemea insulini kwa sababu hajaamua kupona.

Lakini nikutahadharishe usije ukadharau kila kinachofanywa kituoni hapo. Vituo vingi vya namna hiyo vimejengwa juu ya utaratibu wa watu kusaidiana wao kwa wao, ulioenea baada ya chama cha walevi wanaoacha pombe kuanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935, na kuna watu wengi walio hai leo kwa sababu kila jioni walikuwa na kikundi cha kwenda. Hakuna kinachomzuia mtu kunywa methadoni asubuhi na kuhudhuria kikundi jioni. Waliozigombanisha njia hizi mbili ni watu, na wagonjwa ndio waliolipa gharama ya ugomvi huo.

Hutashinda hoja na mkuu wa kituo, na hukupelekwa huko kushindana naye. Muulize msimamizi wako swali la kikazi: "Mgonjwa akiniuliza kuhusu methadoni, kituo kinataka nimjibu nini, na kama anaitaka tunampeleka wapi?" Kituo ambacho hakitoi dawa hizo lakini kinawaambia wagonjwa wazi kwamba zipo na kinawapa rufaa, unaweza kujifunza humo mambo mengi. Kituo kinachowaficha wagonjwa, au kinachomlazimisha aliye kwenye methadoni aiache ndipo apokelewe, kinawaweka karibu na kifo, maana majuma manne ya kwanza baada ya kuiacha dawa hiyo yana hatari kubwa. Hilo mwandikie mratibu wako chuoni, ukitaja ulichokiona na tarehe zake, na umwambie pia kwamba hakuna mwalimu aliyekutembelea. Umbali wa kituo haupunguzi wajibu wa chuo kwako.

Kuna mpaka mmoja ambao ukivukwa hakuna la kujadili. Ukikuta watu wamefungwa minyororo, wanapigwa, wananyimwa chakula kama adhabu au wamezuiliwa kinyume cha ridhaa yao, hapo si mahali pa mafunzo. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka vituo vya kuwashikilia watu kwa lazima kwa jina la tiba ya dawa za kulevya vifungwe. Funga mizigo, toa taarifa chuoni na kwa mamlaka ya afya, na usiogope kupoteza alama.

Nami niliwahi kuwa mraibu

*Niliacha pombe miaka kadhaa iliyopita, na ndiyo sababu nimechagua taaluma hii. Je, niwaambie huko niendako?*

Chuo na msimamizi wako, ndiyo, na kabla hujasafiri. Vituo vingi huajiri watu waliopata nafuu na huwathamini, ingawa baadhi hutaka kuwe kumepita muda fulani tangu mtu aache, na ni afadhali ulijue sharti hilo ukiwa bado kwenu kuliko kulikuta mlangoni ukiwa na begi mkononi. Msimamizi akijua, ataelewa kwa nini kikao fulani kimekuchosha kuliko wenzako, na utaweza kumwambia hamu ikikurudia bila kuanza historia upya.

Wagonjwa ni jambo lingine, na hapo nakushauri usiwe na haraka. Kila ulimi ukikuwasha kusema "hata mimi nilikuwa hivyo," jiulize kwanza maneno hayo yatamsaidia nani. Yakimsaidia yeye, na msimamizi ameridhia, yaseme kwa ufupi kisha urudi kwake. Kama yatakupunguzia wewe upweke wa ugenini, yapeleke kwenye kikundi chako. Na kikundi hicho kitafute kabla hujafika, kisiwe kile ambacho wagonjwa wako huhudhuria, kwa sababu huwezi kuufungua moyo wako saa moja jioni mbele ya mtu utakayekaa naye asubuhi kama mnasihi wake. Kama mji ni mdogo na kikundi ni kimoja tu, endelea na wenzako wa nyumbani kwa simu. Utakuta pia wagonjwa ambao njia iliyokuponya wewe haiwafai hata kidogo. Wasikilize hao kwa makini kuliko wengine.

Ameondoka, na sasa amefariki

*Mgonjwa niliyekuwa nikimhudumia chini ya msimamizi aliondoka kituoni kabla ya muda wake. Siku tisa baadaye tumesikia amefariki kwa kuzidisha dozi. Alikuwa ameniaga, nikamtakia kheri. Silali. Nataka kurudi nyumbani.*

Pole sana, mwanangu. Pole kwa msiba, maana msiba ni wako pia, hata kama hakuna atakayekuja kukupa mkono.

Mtu aliyekaa majuma bila heroini mwili wake husahau kuihimili. Kiasi alichokuwa akikitumia kama kawaida kabla ya kuingia kituoni kinaweza kumuua siku akirudi, na ndiyo sababu siku za mwanzo baada ya kutoka kituoni, hospitalini au gerezani ni za hatari kuliko wakati alipokuwa akitumia kila siku. Hilo linapaswa kusemwa kwa kila mgonjwa, waziwazi, tangu wiki ya kwanza na tena siku ya kuaga, hata kwa yule anayeondoka kwa hasira: kwamba mwili umebadilika, asitumie peke yake, na kama naloksoni ipo aondoke nayo pamoja na mtu wa karibu aliyefundishwa kuitumia. Kuhakikisha linasemwa ni wajibu wa kituo kizima. Haukuwa mzigo wa mwanafunzi aliyesimama getini na kumtakia mtu kheri.

Omba kikao na timu nzima kuhusu kifo hiki, na siku hiyo hiyo uombe saa ya peke yako na msimamizi. Katika kikao cha timu uliza kama wagonjwa wanaoondoka mapema huambiwa hayo niliyoyataja, na nani huwaambia. Wagonjwa waliobaki wameshasikia habari hizo kwa minong'ono, na kati yao wapo wanaofikiria kuondoka kesho, kwa hiyo mnasihi mkuu awaambie mwenyewe, kwa maneno ya wazi, wewe ukiwepo chumbani.

Kama usingizi haukurudi baada ya siku chache, muone daktari au mnasihi ambaye hafanyi kazi katika kituo hicho. Ukipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nenda. Ila usiondoke alfajiri bila kuonekana. Wagonjwa wako wamezoea watu wanaotoweka, na wiki hii wameondokewa na mmoja. Waage kwenye kikundi, uwaambie kwamba unakwenda kupumzika, nani atakaa nao badala yako, na utarudi siku gani, na kama umeamua kutorudi, uwaambie hilo pia.